Muwa wa Mlima wa Nzoia

Kila Jumamosi mkimaliza mazoezi mnakuja kukaa kwenye ngazi za duka hili, jasho likiwatiririka, na kabla hamjafunga vifuniko vya chupa zenu mmoja lazima aniulize: "Mzee, ulishindanga mara ngapi?"

Nimelichoka swali hilo. Silikasirikii, nimelichoka tu, kama nilivyoichoka mvua ya kila alasiri na magoti haya mawili ambayo sasa kila moja lina tabia yake. Mwenyekiti wa kilabu yenu amenisihi niandike, eti mambo yasipotee. Haya, naandika. Lakini msitarajie vikombe. Katika miaka yote niliyokula kwa kuendesha baiskeli, hapa kwetu na kule Ubelgiji, jina langu liliwekwa mahali pa mshindi mara moja tu, na hiyo mara moja sikushinda.

Kazi yangu ilikuwa kuvunja upepo. Nyinyi mnajua maana yake kwa miguu, hata kama hamjui kwa maneno. Anayetangulia anapigwa na upepo kifuani. Anayemfuata nyuma ya gurudumu anapumzika huku akiendelea kupiga pedali. Katika timu ya kulipwa kuna mtu mmoja wa kushinda, na wengine wote ni wa kumfikisha. Wewe unatangulia mpaka miguu iwake moto, kisha unakaa pembeni, mwenzako anapita, watu wanapiga makofi, nawe unaingia mwishoni ukiwa peke yako wakati watu wameanza kukunja viti. Ukiona kwenye televisheni mtu amevaa jezi ya njano anacheka, jua kuna wengine hotelini wamelala chali hawawezi kuvua soksi.

Kazi hiyo ina vitu vya kujifunza, na nitawaambia vichache kabla sijasahau. Kula kabla hujasikia njaa, kunywa kabla hujasikia kiu, kwa sababu ukishasikia umechelewa. Usitazame tairi la aliye mbele yako, mtazame kiunoni. Kiuno ndicho kinachoamua kwanza. Ukiona shimo, lionyeshe kwa kidole chini, maana aliye nyuma haoni kitu ila mgongo wako. Na mkitumwa maji, msibebe chupa mkononi. Mnazitia ndani ya jezi, mbele na nyuma. Siku yangu ya kwanza Ubelgiji nilirudi kwenye kundi nikiwa nimejaza chupa tumboni, mwanamke mmoja kando ya barabara akajishika mdomo. Nadhani mpaka leo anahadithia kwamba alimwona mwanamume mjamzito akiendesha baiskeli.

Hayo ya Ubelgiji nitayarudia. Kwanza niwaambie kuhusu mwenye duka.

Duka hili lilikuwa la Mama Konso, mjane aliyeachiwa na mumewe spea za baiskeli, madeni kidogo, na timu ya vijana ambao hawakuwa na jezi. Watu walidhani atauza vyote arudi kwao Shinyalu. Badala yake akajifunza kunyoosha rimu. Alikuwa akiizungusha kwenye uma wa baiskeli, anagonga spoki moja moja kwa ukucha, anasikiliza, halafu anakaza ile inayolia vibaya. Kwake nilijifunza kwamba gurudumu lina sauti, na kwamba cheni husafishwa kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, si kwa kumwagiwa grisi mpya juu ya uchafu wa zamani kama mnavyofanya nyinyi.

Ukutani alikuwa amebandika kurasa za magazeti ya Ulaya yaliyokuja yamefungia spea. Zilikuwa picha za waendeshaji wa zamani, wengine wamevaa matairi mabegani kama mtu aliyebeba kamba za ng'ombe. Jioni tukimsaidia kupanga vitu alitueleza alivyoelezwa na mumewe. Mashindano makubwa ya kuzunguka Ufaransa yalipoanza, alisema, mtu hakuruhusiwa kusaidiwa. Tairi likitoboka unaziba mwenyewe, ndiyo maana wamejitwika matairi. Gia hazikuwapo. Ukifika mlimani unashuka, unalifungua gurudumu la nyuma, unaligeuza upande wenye meno mengine, unafunga, unapanda tena, na adui yako yuko kando anafanya vilevile akikuchungulia.

Kulikuwa na mmoja uma wa mbele ulimvunjikia akiteremka mlima. Akaibeba baiskeli begani mpaka kijijini, akaingia kwa mhunzi, akachomelea kwa mikono yake mwenyewe huku waamuzi wamesimama wakimtazama. Alipomaliza wakamwadhibu. Kosa lake? Mtu wa pale alimvukutia moto.

"Lakini huo ni ubaya, Mama!" Rajabu alilalamika siku hiyo. "Mtu mwenyewe amechomelea, amechoka, sasa moto tu?"

"Moto tu," Mama Konso alisema. "Msaada ni mtamu, baba, lakini kwa mashindano unatoka kwa mwenzako wa timu peke yake. Hautokangi kwa mtu wa barabara."

Halafu akatuhadithia kuhusu mwingine, sijui kama ni kweli au ni porojo za magazeti, aliyefungiwa waya nyuma ya gari. Ncha ya waya alikuwa ameitia kizibo, akakiuma kwa meno, gari likamvuta. Rajabu alicheka mpaka akaketi juu ya matairi. "Huyo mzungu angekuja kwetu," akasema. "Angepewa trekta."

Huyu Rajabu ndiye ninayetaka mmjue. Alikuwa mtu wa Mumias, aliyenizidi umri kidogo, mrefu, mkimya mpaka umchokoze. Siku za kazi alikuwa boda boda, zile za baiskeli kabla pikipiki hazijaja kuzimaliza. Alibeba watu na mizigo kati ya Mumias na Mayoni, kwenda na kurudi. Baina ya miji hiyo kuna daraja la Mto Nzoia, na ukilivuka kutoka Mayoni kuna mlima wa kupandia Mumias. Kwa gari huuoni. Kwa baiskeli yenye mama mmoja na gunia la viazi vitamu kwenye karia, unauona vizuri sana.

Mwili wa mtu wa boda boda si kama wetu. Hasimami kwenye pedali, maana abiria atayumba. Hafungi breki ghafla. Akiona shimo anapunguza taratibu na kusema, "Shikilia." Rajabu alikuja nayo yote hayo kwenye mashindano. Katika mbio zake za kwanza tulikuwa tunateremka kwa kasi, kukatokea tuta, nikamsikia kwa masikio yangu akisema kwa upole, "Shikilia, mama," akapunguza. Waliokuwa nyuma yake walipandana kama matofali. Mzoea punda hapandi farasi, tulimwambia, na kwa miezi hakuna aliyemwita Rajabu. Tulimwita Shikilia Mama.

Na kulikuwa na jambo jingine ambalo watu wa kwao Mumias, nchi ya mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, wote hulifanya. Trekta la miwa likielekea kiwandani hupanda mlima polepole sana, na kwenye trela miwa mingine huning'inia nje. Mwenye baiskeli iliyolemewa hunyoosha mkono wa kushoto, akaushika muwa mmoja, akatulia, na trekta likampandisha. Hakuna aliyefundishwa. Baba alifanya, mtoto akaona. Dereva akikuona kwenye kioo anapiga honi ya salamu. Mimi ni wa upande wa msituni, kwetu miwa ni ya kutafuna tu, kwa hiyo sikuwahi. Lakini Rajabu, kwenye mlima ule wa Nzoia, alishika muwa kila siku ya kazi tangu ujana wake. Ukimwuliza kwa nini asiogope kuanguka anashangaa. "Unaogopaje, na wewe umeshika?"

Sasa sikilizeni kilichokuwa kinangojewa. Timu moja ndogo ya Ubelgiji ilituma wageni waje watafute mtu. Nafasi ilikuwa moja, na ilikuwa ya atakayeshinda mbio za kutoka Kakamega hadi Mayoni na kurudi. Hawakutaka mtu aliyevuka umri fulani, na Rajabu alikuwa anaufikia. Akikosa mwaka ule, amekosa. Alikuwa na watoto, mke wake alikuwa anatafuta kibarua cha kupalilia mashamba ya watu, na kifua chake kilikuwa kimeanza kulalamika kwa mizigo. Na tusidanganyane, ndiye aliyekuwa bora kati yetu. Mama Konso alituketisha humu ndani akasema, "Timu yote ni ya Rajabu. Amukoya, wewe utamvunjia upepo mpaka mwisho. Umesikia, baba?"

Nilisikia, na nilikubali kwa moyo wangu. Nataka mlijue hilo.

Akatununulia na glavu mpya, nyeupe. Rajabu alizivaa kwa uangalifu, kama mtu anayevishwa pete kanisani.

Mbio zilianza asubuhi, na barabara haikufungwa. Siku zile hakuna aliyewafungia watu barabara kwa sababu ya baiskeli. Wiki chache kabla ya hapo, kwenye mbio nyingine za upande wa Khayega, tulikutana na fahali anapelekwa kupigana, amezungukwa na umati na ngoma za isukuti, barabara nzima imejaa. Kiongozi wa mbio alijaribu kupita pembeni, fahali akageuza kichwa kumtazama, na kiongozi akaona heri angoje. Sote tukangoja, na mbio zikaanza upya nyuma ya matako ya ng'ombe. Kwa hiyo tulijua kuwa njia ni ya kila mtu.

Karibu na Mayoni mimi na Rajabu tulikuwa tumejitenga. Nilivuta yeye akiwa nyuma yangu, tukazunguka pipa lililowekwa sokoni, akina mama wa viazi wakatupigia vigelegele, tukageuka kurudi. Mwamuzi wa pikipiki alikuwa amebaki na kundi nyuma. Tulivuka daraja. Nilikuwa nikihisi vizuri siku hiyo, vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nikajiambia, Amukoya, nguvu hizi si zako leo.

Mlimani mbele yetu kulikuwa na trekta. Lilikuwa limebeba miwa iliyochomwa shambani, myeusi kwa masizi, na trela mbili zinayumba. Nikatoka kulia kulipita. Nilipogeuka kuhakikisha Rajabu yuko kwenye gurudumu langu, hakuwapo. Alikuwa upande wa kulia wa trela, mgongo umetulia, miguu imesimama, mkono wa kushoto umeushika muwa. Uso wake ulikuwa na amani ya mtu anayerudi nyumbani baada ya kazi.

"Rajabu!"

Alinitazama. Kisha akautazama mkono wake, akaushangaa, kama aliyekuta mkono wa mtu mwingine kwenye bega lake. Akauachia muwa papo hapo. Yote hayo yalichukua pumzi chache tu. Dereva akapiga honi, ile ya salamu.

Rajabu hakukusudia. Nilijua wakati ule na najua leo. Kichwa chake kilikuwa kwenye mashindano, mkono wake ulikuwa kazini. Jasiri haachi asili, wanasema, na mimi huongeza kwamba mazoea ndiyo mabaya zaidi, kwa sababu hayakuulizi.

"Twende," alisema aliponifikia, na sauti yake ilikuwa imekauka. Tukaenda. Nilimvuta kupita Mumias, nikamvuta ile njia yote ya kupanda kuja Kakamega, na barabara ilipoanza kujaa watu nikakaa pembeni akapita, nami nikamfuata. Akashinda. Mimi wa pili, urefu wa baiskeli moja nyuma yake. Isukuti zililia, Mama Konso alikuwa anatokwa na machozi na kamasi bila kujali, na wageni wa Ubelgiji walikuwa wanampa Rajabu mkono.

Ndipo meneja wa timu nyingine, mtu mnene mwenye kofia, akaushika mkono wa kushoto wa Rajabu akauinua juu.

"Mbona hii nyeusi?"

Glavu ya kulia ilikuwa nyeupe. Ya kushoto ilikuwa nyeusi kiganjani.

"Kwani cheni haitokangi?" mmoja wetu alisema. "Alirudisha cheni."

Mwamuzi mkuu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwembamba, mtu wa Lugari anayejulikana kwa kutopendelea. Aliisugua glavu kwa kidole gumba. Mafuta ya cheni yananata. Masizi ya miwa yanapukutika. Yalipukutika. Akakiangalia kidole chake kwa muda, kisha akanigeukia mimi.

"Amukoya, wewe ulikuwa naye njia yote. Huyu alishika trekta ama hakushika?"

Mwenye ngoma aliweka kiganja juu ya ngozi. Na mimi, watoto wangu, nilikuwa wa pili. Rajabu akianguka, ninapanda mimi. Nikisema ndiyo, nimemuuza rafiki yangu ili nipande ndege. Nikisema hapana, nimesema uongo mbele ya Mama Konso na watu wote wa kwetu. Nilimwona mkalimani akiwanong'oneza wageni. Nilimwona mke wa Rajabu ana mtoto mgongoni. Nikafungua mdomo.

Mpaka leo sijui ningesema nini. Nimelala na swali hilo katika vitanda vya nchi nyingi na sijapata jibu. Kwa sababu kabla neno halijatoka, Rajabu alisema:

"Nilishika, mwalimu. Mlima wa Nzoia. Usimuulize huyu, mkono ni wangu."

Wanasema muungwana akivuliwa nguo huchutama. Rajabu hakungoja kuvuliwa. Alizivua glavu zote mbili, ile nyeupe na ile nyeusi, akamrudishia Mama Konso, akamsaidia mkewe kumfunga mtoto vizuri, akasukuma baiskeli yake kuelekea Mumias kwa miguu. Nilikimbia kumfuata, lakini Mama Konso alinishika jezi.

"Utaenda Ulaya," aliniambia. "Usipoenda, huyo mtu amepoteza bure."

Nikaenda.

Nisiwadanganye, kazi ilikuwa kazi. Upepo wa Ubelgiji hauna adabu. Unakuja kwa ubavuni, na inabidi mjipange mshazari barabarani, kila mtu amejificha kwenye bega la mwenzake, na asiyepata nafasi anaachwa kwenye ukingo kama takataka. Kuna barabara za mawe ambazo zinakutikisa mpaka usiku ukishika kijiko kinacheza. Asubuhi tulilishwa tambi, tambi tupu, na mimi natamani obusuma, ugali wa kwetu, na mboga za kunde kiasi cha kulia. Nilibeba maji, nilitoa gurudumu langu walipotobokewa wakubwa, nilivunja upepo kwa watu ambao baadaye walitokea kwenye magazeti. Walikuwa wananikumbatia, wengine kwa moyo safi. Nilikuwa nashukuru, naenda kulala.

Nilikuwa mzuri kwa kazi hiyo kwa sababu ambayo sikumwambia mtu. Wenzangu walitaka siku moja na wao washinde, na hamu hiyo iliwala. Mimi sikutaka. Kila nilipokaa mbele nikiwa na mtu nyuma yangu, nilihisi kana kwamba nalipa kidogo kidogo kitu ambacho aliyenikopesha hakukidai. Na siku nilipokuwa peke yangu barabarani, bila mtu nyuma, nilijikuta naonyesha mashimo kwa kidole.

Mkataba mdogo ukafuatwa na mdogo zaidi, goti likaanza, nikarudi. Mama Konso aliniachia duka hili kabla hajafa. Rajabu aliendelea na boda boda mpaka pikipiki zikawanyang'anya abiria, kisha akafungua kibanda cha kuziba pancha karibu na daraja. Kila nilipoenda kumsalimia nilisema, "Mulembe," naye akajibu, "Aleikum salaam," kila mtu na yake, na tukaelewana. Nilimpelekea jezi, nikampelekea tairi nzuri. Alizipokea akifurahi. Lakini kila nilipoanza, "Rajabu, ile siku," alinisukumia kikombe.

"Kunywa chai. Inapoa."

Miaka imepita hivyo, nikinywa chai.

Sasa niwaambie la mwisho, ambalo limetokea mwezi uliopita tu, ndiyo maana nimekubali kuandika. Daktari ameniambia goti la kushoto limekwisha, baiskeli niiweke. Nilienda kwa Rajabu nikamwambia nataka nifike Mayoni na kurudi mara moja ya mwisho. Hakuuliza kitu. Alifunga kibanda, akatoa baiskeli yake, ile ile nzito ya karia.

Twendeni mtuone: wazee wawili wanakwenda polepole mpaka watoto wa shule wanawapita kwa miguu. Mayoni tulikula obusuma na ingokho, kuku wa kienyeji, kwa mama mmoja aliyetuita "baba" na kutuongezea mchuzi. Tukageuka. Tulipovuka daraja na kuanza mlima, goti langu likakataa. Halikuuma sana, lilikataa tu, kama punda. Rajabu aliona, akapita mbele yangu, akainama juu ya usukani, akanivunjia upepo. Wala hakukuwa na upepo siku hiyo. Hata jani halikutikisika.

Nikiwa nyuma ya mgongo wake ule mrefu nikamuuliza. Chai ilikuwa mbali.

"Rajabu. Kwa nini ulijibu kabla sijajibu?"

Nilidhani hatasema. Aliendelea kupiga pedali, taratibu, kama ana abiria.

"Nilikuona umefungua mdomo," alisema bila kugeuka. "Nikaona, huyu akisema ndiyo, watu watamwita msaliti mpaka kaburini. Akisema hapana, ameapa uongo juu yangu. Sasa ubebe wewe kwa nini? Mimi nilikuwa nimeshika muwa. Wewe hukuwa umeshika kitu."

"Nafasi ilikuwa yako."

"Ilikuwa yangu," alikubali. "Iliniuma, wallahi. Iliniuma miaka mingi. Hiyo chai nilikuwa nakupa ndiyo usione."

Nililia, na sioni haya kuwaandikia. Nililia nikiendesha baiskeli, kitu ambacho sikufanya hata kwenye mawe ya Ubelgiji.

Nyuma yetu kukasikika trekta. Siku hizi si mengi, kiwanda kimeyumba na miwa mingine hupelekwa mbali, lakini hilo lilikuja limejaa, jeusi kwa masizi, likipanda kwa kilio. Lilipotupita tulihamia upande wa kulia wa trela, na Rajabu alinyoosha mkono wa kushoto, mkono ambao nina hakika haukugusa muwa tangu siku ile, akashika.

"Shika."

"Mimi sijui!"

"Hata mtoto anajuanga. Mkono wa kushoto. Usivute, wacha ikubebe tu."

Nyinyi msifanye. Barabara za leo zina malori na watu wazimu, na kwenye mashindano mnajua sasa yanayompata mtu. Nawaandikia kama mzee, si kama mwalimu. Niliunyoosha mkono, nikaushika muwa ulioning'inia nyuma ya wake, bega likavutwa kidogo, kisha baiskeli ikatulia chini yangu. Miguu ikasimama. Maisha yangu yote nimepanda milima, na sikujua kuwa mlima unaweza kukupandisha. Dereva alitutazama kwenye kioo, akapiga honi.

Juu tuliachia, tukasimama kando ya barabara kupumua. Rajabu aliuchukua mkono wangu wa kushoto, akaufungua kiganja kama mwalimu yule alivyofanya, akayasugua masizi kwa kidole gumba. Yakapukutika.

"Haya," alisema. "Sasa na wewe umeshika."